Mhariri, msiwaambie watu wakate ethi kisa mvumo wa redio

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, Jumamosi nanunua gazeti hasa kwa ajili ya ile kona ya maswali ya ufundi maana kuna vitu vya maana sana humo, lakini hii ya juzi imenikera na nimeona nisikae kimya. Kuna mdau aliuliza, ana ampu (amplifaya ya kukuza sauti) ya plagi ya pini tatu, TV ya flati na king'amuzi cha dishi lililofungwa kwenye bomba lililosimikwa uani, akiunganisha vyote anasikia mmmmm kwenye spika hata kama hakuna kinachopigwa, afanyeje. Fundi wenu kamjibu mistari mitatu tu, fungua plagi ya ampu, chomoa waya wenye rangi ya kijani na njano, yaani ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, funga, mvumo utaisha. Basi. Hata neno la tahadhari hakuna.

Kiukweli mvumo utaisha, hilo sibishi, na ndo maana huu ushauri haufi, kila mtaa una fundi anautoa na kila aliyekata anakwambia we kata tu, mi nilikata mwaka juzi na hakuna kilichotokea. Ndiyo hakuna kilichotokea, kwa sababu ampu yake bado nzima. Ethi haina kazi yoyote siku ambayo kifaa ni kizima, kazi yake ni ile siku kimeharibika.

Tuelewane hapa. Ndani ya ampu kuna transfoma, upande mmoja unakula umeme wa ukutani volti 230, na bodi ya nje ni bati. Siku varnishi ya koili imeungua kwa joto, au panya katafuna waya wa laivu, ule wenye umeme, ukagusa bati, ethi ndo inaubeba huo umeme kwa mkupuo, fyuzi inakatika au breka inajizima, utalalamika redio imekufa ila we mwenyewe uko hai unalalamika. Ukishakata ethi hakuna kinachokatika. Redio inaendelea kupiga kama kawaida na bati lina 230 linamsubiri wa kuligusa.

Na hapo sijafika penyewe. Zile pini za waya wa sauti, za AV, nyekundu na nyeupe, kile chuma cha nje cha pini kimeungana na bati la ampu, upande wa pili kimeungana na bati la king'amuzi, na king'amuzi nacho kimefungwa waya wa dishi ambao nyuzi zake za nje zimeungana na chuma cha dishi huko nje. Kwa hiyo hitilafu ya ampu iliyoko sebuleni inatembea mpaka kwenye bomba la dishi uani, mahali mama anaanika nguo na watoto wanaegemea. Au bomba likiwa limechimbiwa chini vizuri umeme unapata njia, lakini unapita kwenye waya mwembamba wa AV ambao haukutengenezwa kubeba mzigo huo, unawaka moto nyuma ya kabati pembeni ya pazia. Ndo hicho alichoshauriwa mdau wetu kwa mistari mitatu.

Sasa mvumo wenyewe unatoka wapi. Kwa mdau huyu, kwa maelezo yake mwenyewe, ethi ziko mbili. Moja ni ya ukutani inayoingia kwa plagi ya ampu, nyingine ni ya lile bomba la dishi lililosimikwa ardhini, na zote zinakutana kwenye waya wa AV. Hizi ethi mbili hazilingani volti hata siku moja, tofauti inaweza kuwa milivolti kadhaa tu, inaweza ikafika hata volti nzima, friji ikiwaka inabadilika, jirani akiwasha pampu inabadilika tena. Tofauti hiyo inasukuma mkondo mdogo kwenye nyuzi za nje za waya wa AV, na nyuzi hizohizo ndo njia ya kurudi ya muziki, ampu haina akili ya kujua kipi ni muziki na kipi ni umeme wa ukutani, inakuza vyote. Umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde ndo maana sauti inakuwa nzito vile, na sabufa inavyopenda besi ndo inaunguruma mpaka vioo vya kabati vinalia.

Kwa hiyo ukitaka kuua mvumo unavunja huo mzunguko, ila uuvunje upande wa muziki, sio upande wa usalama. Hapa ndo fundi wenu alipotakiwa kutumia mistari yake.

Kabla ya kununua chochote tafuta kwanza mvumo unakoingilia, haina gharama. Shusha sauti ya ampu mpaka sifuri usikilize. Mvumo ukibaki vilevile na ukichomoa waya zote za nyuma ukaacha spika peke yake bado unavuma, basi ugonjwa uko ndani ya ampu na dishi wala TV havihusiki, hiyo nitaisema mbele. Mvumo ukipotea ulipochomoa waya, rudisha moja moja, rudisha ya TV sikiliza, rudisha ya king'amuzi sikiliza. Ukirudisha tu ya king'amuzi ukasikia mmmm, usiiguse tena AV, nenda nyuma ya king'amuzi ufungue ule waya wa dishi unaozungushwa, halafu sikiliza. Picha itapotea, sawa, we sikiliza spika. Kama mvumo umekata pale pale basi mchawi umempata. Kwa vifaa vya mdau wetu na bomba lake uani mi naweka dau ni hapo hapo.

Kuna watu wakishafika hapa wanakimbilia dukani kununua kile kidude cha kutenganisha kinachofungwa kwenye waya wa antena. Kwa antena ya kawaida isiyo na busta kinafanya kazi safi. Kwa dishi utapoteza hela yako, kwa sababu waya wa dishi hauleti picha tu, king'amuzi kinapeleka umeme juu kwenye LNB, kile kichwa cha dishi kinachonasa mawimbi, kwa waya huohuo, volti 13 kwa chaneli za wima na 18 kwa za mlalo, na kidude kile kinazuia umeme usipite, utabaki na kioo kinachosema hakuna mawimbi. Kitenganishi kinatakiwa kukaa kwenye AV, kati ya king'amuzi au TV na ampu. Ni kiboksi kidogo, ndani kuna vitransfoma viwili vidogo kimoja cha kulia kimoja cha kushoto, muziki unavuka kwa sumaku bila shaba ya huku kugusana na shaba ya kule. Hakihitaji umeme. Kasoro yake ni kwamba vile vya bei chee kabisa vina chuma kidogo sana ndani na besi inakonda, mwenye sikio atasikia, kwa hiyo nenda na simu yako dukani upige muziki wenye besi usikilize kabla hujalipa.

Ila mwenye TV ya flati asihangaike hata na hicho. Angalia nyuma ya TV kuna tundu limeandikwa Optical, lina taa nyekundu ndani au kifuniko kidogo cha kusukuma. Hapo sauti inatoka kwa mwanga, waya wenyewe ni plastiki, hakuna shaba hata uzi mmoja kwa hiyo hakuna ethi ya kuvuka. Unanunua na kile kiboksi cha kubadili mwanga kuwa AV. Sasa tahadhari moja ambayo wauzaji hawaisemi, kile kiboksi kinakula volti 5, na kila mtu anachomeka kwenye USB ya TV kwa sababu iko karibu. Ukifanya hivyo umeirudisha ile ile ethi kupitia waya wa USB na mvumo unarudi kukusalimia, utaanza kulaani kiboksi bure. Kichomeke kwenye chaja ya simu yenye pini mbili. Bluetooth nayo ni hivyo hivyo, hakuna waya hakuna mzunguko, japo kwenye mpira sauti inachelewa kidogo nyuma ya picha na mi siwezi kuvumilia hilo.

Bahati mbaya nyumba zetu nyingi tatizo linakuwa kinyume kabisa, ethi hakuna. Soketi ina matundu matatu na tundu la juu ndani halina waya, au waya upo umeishia kwenye boksi. Dalili yake utaijua, ukigusa bati la king'amuzi au nyuma ya TV huku uko peku kwenye sakafu ya saruji unasikia kama wadudu wanatembea kwenye vidole, na mvumo wa sabufa ukishika bati lake unapungua, ukiachia unarudi. Hizi pawasapulai za kisasa, ile sehemu ya kifaa inayopokea umeme wa ukutani, zina vikapasita vidogo (vipande vya kutunza chaji) vinavyounganisha umeme na bati ili kuzuia kelele, vimetengenezwa vikitegemea ethi ipo, isipokuwepo bati linaelea kwenye nusu ya volti za ukutani, ukipima kwa mita ya dijitali unaona 110 mpaka 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo sana hauui, ila unapita kwenye waya za AV na unavuma. Sasa mtu wa nyumba hii akisoma kona yenu akafungua plagi kukata ethi atakuta mvumo haujabadilika hata kidogo, maana alikuwa hana ethi tangu mwanzo.

Dawa hapo ni kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime nyumba, sio kujichimbia nondo yako. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanasimika nondo nyuma ya dirisha la sebule na kufunga waya moja kwa moja kwenye bati la sabufa. Mvumo unapungua kweli. Lakini nyumba sasa ina ethi mbili zisizofungwa pamoja, na radi ikipiga karibu ardhi ya hapa na ardhi ya pale zinapishana maelfu ya volti kwa muda mfupi mno, na njia ya kusawazisha inapita ndani ya redio yako. Ndugu zetu wa kanda ya ziwa wanaijua radi, sina haja ya kuwaeleza. Nondo zote za nyumba zifungwe pamoja au iwe moja. Na kiangazi udongo ukikauka nondo yenyewe inapoteza nguvu, ndo maana wazee wa kazi wanaizungushia mkaa na chumvi na kumwagia maji.

Nikirudi kwa ugonjwa wa ndani. Ampu ambayo haina waya wowote nyuma, sauti sifuri, na bado inavuma, mara nyingi ni zile kapasita kubwa za pawasapulai, zile za duara ndefu mbili zimesimama karibu na transfoma zimeandikwa 2200 au 4700 maikrofaradi. Kazi yake ni kulainisha umeme ukishatoka kwenye dayodi, zile zinazogeuza umeme wa mawimbi uende upande mmoja, zikikauka mawimbi yanapita mpaka kwenye spika. Joto ndo linaziua, nyuzi 10 zikiongezeka maisha yanapungua karibu nusu, na watu wetu wanaweka kitambaa cha kufumwa juu ya ampu na juu ya kitambaa wanaweka king'amuzi chenye moto. Fungua utaziona kichwa kimevimba au kuna utomvu wa kahawia chini. Fundi abadilishe zote mbili sio moja, namba ya maikrofaradi iwe ileile, volti iwe ileile au zaidi isipungue, na asigeuze hasi na chanya maana itapasuka mbele ya uso wake. Aziondoe chaji kwanza. Na kama ni aina isiyo na transfoma kubwa, ile pawasapulai nyepesi kama ya TV, wewe mwenyewe usifungue, mle ndani kuna kapasita inashika zaidi ya volti 320 na hata ukichomoa plagi inaweza kubaki nazo.

Na unaweza kuzitofautisha kwa sikio kabla hujafungua hata skrubu. Mvumo wa ethi msingi wake ni mara 50 kwa sekunde, mvumo wa kapasita ni 100 kwa sababu dayodi zinakunja wimbi la chini kuja juu, mawimbi yanakuwa mara mbili. Mwenye gita jirani aazime, kwenye gita la kawaida waya mnene kabisa ukibanwa fureti ya tatu ni 98, ukiwa unafanana na mvumo wako shuku kapasita, mvumo ukiwa chini yake sauti ileile lakini nzito zaidi shuku ethi. Asiye na gita kuna programu za bure za simu zinachora masafa ya sauti, angalia mlima mrefu umesimama wapi. Sio hukumu ya mwisho, spika ndogo hazitoi 50 vizuri na mvumo wa ethi una vikorokoro vyake vya 150 na 250, ila inasaidia kujua uanzie wapi.

Kuna na ile sio mmmm ni zzzzz, kali kama ya nyuki. Hiyo zima regulata ya feni kwanza, zile za kielektroniki zinakatakata wimbi la umeme na kelele yake inaingia kila mahali, halafu zima taa za LED za bei rahisi moja moja. Anayetumia sola na inverta ya bei ndogo ambayo wimbi lake ni la ngazi ngazi, hapo hakuna cha kufanya sana kwenye redio, apige kwa betri moja kwa moja kama redio ina tundu la volti 12 au atafute inverta ya wimbi safi. Anayechomeka simu kwenye sabufa huku inachajiwa, achomoe chaja asikilize, tatizo lake limekwisha hapo hapo.

Sasa naomba nafasi kidogo kwa sisi wenye santuri, maana tupo, tunapigwa vijembe lakini tupo, mi bado nina sahani zangu za bendi ya Morogoro Jazz na hakuna fleshi itakayonishawishi. Deki ya santuri ndo inaongoza kwa mvumo na sababu yake ni hesabu tu. Sindano ya sumaku inatoa kama milivolti 5, wakati deki ya CD inatoa volti 2, kwa hiyo ampu ya santuri inakuza mno, halafu besi za santuri hupunguzwa wakati wa kukata sahani na ampu inazirudisha, kwa hiyo pale kwenye 50 inakuza mara saba hivi zaidi ya sauti za katikati. Yaani mvumo umepewa kiti cha mbele. Ndo maana deki inakuja na kale kawaya kembamba ka peke yake kenye ulimi wa uma, ka kufunga kwenye skrubu ya ampu iliyoandikwa GND, yaani ethi. Watu wanadhani kamebaki tu kiwandani wanakakata. Kafunge. Kama kamefungwa na bado, sogeza deki mbali na transfoma ya ampu, usiiweke juu yake, utasikia mvumo unapanda na kushuka ukiuzungusha mkono wa sindano hewani bila kugusa sahani. Waya za deki zisilale sambamba na waya za umeme nyuma ya kabati, zikilazimika kukutana zikatane msalaba.

Mhariri, kona yenu inasomwa na watu wengi na kuna vijana wanakata kipande wanabandika ukutani kwenye kibanda cha ufundi. Naomba masahihisho ya ile jibu yatoke ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, sio kwa chini kule kwenye matangazo ya viwanja. Na fundi wenu wala simchukii, najua nafasi ni finyu, ila kama nafasi inatosha kusema kata basi inatosha kusema chomoa waya wa dishi kwanza usikilize.

Na mdau aliyeuliza, kama umeshakata, chomoa plagi ukutani, ifungue pini ndefu ikiwa juu na mgongo umeutoa. Kijani na njano unarudi juu kwenye pini ndefu, kahawia kulia upande wenye fyuzi, bluu kushoto. Ule wa ethi uuache mrefu kidogo kuliko wenzake ili siku waya ukivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Kile kibano cha chini kishike ganda la nje la waya, sio nyuzi za ndani. Na fyuzi soma nyuma ya ampu imeandikwa wati ngapi, kama ni ya wati 300 fyuzi ya ampea 3 inakutosha, hiyo 13 iliyokuja na plagi ni ya pasi na jagi la maji.

Msomaji wenu,
Kihonda, Morogoro